Kuchagua kamera ndogo isiyo na kioo ukiwa Kigoma: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaonunua kamera ya kwanza huuliza zaidi swali moja: ina megapikseli ngapi? Swali hilo ndilo linalowapoteza. Kamera yenye megapikseli 24 na lenzi hafifu itatoa picha za chengachenga taa zikiwashwa jioni, na yenye megapikseli 16 na lenzi nzuri itatoa picha safi mahali pale pale. Kosa la pili ni kulipa kwanza na kukagua baadaye. Mwongozo huu unahusu kamera zisizo na kioo ndani, ambazo wauzaji huziita mirolesi, zile ndogo za kutembea nazo kila siku, ziwe mpya au zilizotumika.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yako, ikiwa na picha zako za miezi ya karibuni.
- Kadi ya SD yako mwenyewe, GB 32 au 64, yenye alama ya U3 au V30, zinazoonyesha kasi ya kadi kuandika. Usitegemee kadi ya muuzaji.
- Kisoma kadi kinachochomekwa kwenye simu.
- Tochi ndogo yenye mwale mwembamba. Ya simu inafaa ukikosa nyingine.
- Ukurasa mzima wa gazeti na gundi ya karatasi.
- Pampu ya hewa ya mpira na kitambaa laini cha kufutia miwani.
- Ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana kabisa, pamoja na silika ya kunyonya unyevu.
- Saa moja ya kukagua bila haraka. Muuzaji asiyekupa saa moja usimpe fedha.

## Hatua ya 1: Chunguza picha unazopiga sasa

Fungua simu, hesabu picha 100 za mwisho, uzigawe: za ndani ya nyumba na ukumbini, za barabarani na sokoni, za ziwani, za watoto wanaokimbia, za usiku. Kundi kubwa kuliko yote ndilo linalochagua kamera. Matangazo yasikuchagulie.

Kama karibu zote ni za mchana na zinaishia kwenye simu za jamaa, bakia na simu. Simu nzuri kwenye mwanga mwingi haiachwi mbali na kamera hizi. Faida ya kamera huonekana mwanga ukipungua, mtu anapotembea, au unapotaka kuchapisha picha ya kutundika ukutani.

Kisha fanya jaribio hili. Siku nzima piga picha kwa simu ikiwa kwenye 2x tu. Kwa simu nyingi huo ni upana unaokaribia lenzi ya milimita 50 (milimita zikiongezeka, lenzi huvuta karibu zaidi). Kesho yake tumia 1x tu, ambayo ni karibu milimita 24 hadi 26. Utajua kama wewe ni mtu wa kusogea karibu na nyuso au wa kuchukua eneo zima.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Napiga sana watu, jioni, nikiwa hatua mbili kutoka kwao."

## Hatua ya 2: Gawa fedha kabla ya kuona kamera

Kwa kila shilingi laki kumi, tenga laki tano za mwili wa kamera, laki tatu za lenzi, na mbili zinazobaki za betri ya pili, kadi, mfuko na silika. Ukiweka fedha zote kwenye mwili utabaki na lenzi iliyokuja nayo, na hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Betri ya pili si anasa. Kamera hizi huwasha skrini muda wote, na betri zake ni ndogo. Sony a6000, kwa mfano, imekadiriwa kupiga picha 360 hivi kwa chaji moja ukitumia skrini, na 310 ukitumia kitazamio, kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho. Betri iliyozeeka haifiki huko.

## Hatua ya 3: Chagua ukubwa wa kihisi na mdomo wa kamera

Kihisi ni kile kibamba kinachopokea mwanga. Kwenye kamera ndogo za kawaida utakutana na saizi mbili. APS-C ni karibu milimita 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo. Micro Four Thirds ni milimita 17.3 kwa 13. Kihisi kikubwa hupokea mwanga zaidi, kwa hiyo chengachenga hupungua usiku. Kidogo huruhusu lenzi ndogo, na lenzi ndiyo inayoamua kama kamera itaingia kwenye mkoba wako. Ile kubwa ya milimita 36 kwa 24 iache kwa sasa. Mwili wake unaweza kuwa mdogo, lakini lenzi zake ni nzito na ghali.

Mdomo, yaani pale lenzi inapofungwa, ni uamuzi mkubwa kuliko mwili wenyewe, kwa sababu mwili utaubadilisha siku moja na lenzi zitabaki.

Sony E. Lenzi nyingi, mpya na zilizotumika. Sony a6000 ya mwaka 2014 ina gramu 344 pamoja na betri na kadi, na bado inafaa. Haina mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya mwili.

Fujifilm X. Vidude vya kuzungusha kwa mkono, rangi nzuri moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Bei ya zilizotumika haishuki upesi.

Micro Four Thirds. Olympus, ambayo sasa ni OM System, na Panasonic hutumia mdomo mmoja, hivyo lenzi ya huyu inaingia kwa yule. Olympus E-M10 Mark II na Panasonic GX80 zina mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya mwili. Kwa bajeti ndogo, hapa ndipo tunapopendekeza uanze kutafuta.

Canon. Tahadhari! Kuna midomo miwili. EF-M, ya kamera kama M50 na M200, Canon iliiacha mwaka 2023. Kamera hizo bado zinapiga vizuri, ila zinunue tu ukipata lenzi zote unazohitaji kwa wakati mmoja. Mdomo wa RF, wa kamera kama R50 yenye gramu 375, ndio unaoendelea.

Nikon Z. Z50 na Z30. Z30 haina kitazamio.

Hapo kwenye kitazamio tusimame kidogo. Kando ya Ziwa Tanganyika saa nane mchana, mwanga unatoka juu na mwingine unarudi kutoka majini. Skrini inakuwa kama kioo cha kujitazamia uso. Kamera isiyo na kitazamio itakufanya upige kwa kukisia. Kama kundi lako kubwa ni la ziwani, usinunue Z30 wala Sony ZV-E10, hata bei ikivutia.

Umefanikiwa ukibaki na kamera mbili tu kwenye karatasi, na lenzi moja mbele ya kila moja.

## Hatua ya 4: Chagua lenzi, ndipo urudi kwenye mwili

Lenzi ya zuum inayouzwa pamoja na kamera mara nyingi huandikwa f/3.5-5.6. Namba ikipungua, tundu la lenzi linapanuka. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya f/3.5, na karibu mara kumi ya f/5.6. Ukiwa ndani ya nyumba yenye taa moja, mara kumi hizo ndizo zinazotenganisha uso unaosomeka na uso uliotikisika.

Kwa hiyo, kwa mtu wa picha za watu jioni, nunua lenzi moja isiyo na zuum: Sony 35mm f/1.8, Fujifilm 35mm f/2, Panasonic 25mm f/1.7 au Olympus 25mm f/1.8, Canon EF-M 22mm f/2, Canon RF 50mm f/1.8. Kihisi kidogo hukata ukingo wa picha, kwa hiyo kumbuka kuzidisha milimita za lenzi kwa 1.5 kwenye APS-C, 1.6 kwa Canon, na 2 kwenye Micro Four Thirds: milimita 35 kwenye APS-C inaonekana kama 52, na 25 kwenye Micro Four Thirds inaonekana kama 50. EF-M 22mm inaonekana kama 35, pana zaidi. RF 50mm juu ya R50 inakuwa kama 80, ya nyuso tu. Linganisha na jaribio lako la 1x na 2x.

Kuna lenzi moja ya kuikagua kwa makini hasa: zuum nyembamba inayotoka na kuingia kwa mota kila unapowasha kamera, kama Sony 16-50mm. Ni nyepesi, inaingia mfukoni, lakini mchanga mwembamba ukiingia kati ya mirija yake mota hukwama, na skrini inakuambia uzime na kuwasha tena. Kwa anayeshinda kwenye mchanga wa Kibirizi au Katonga, zuum ya kuzungusha kwa mkono ni salama zaidi.

Usidanganyike kwamba mtambo wa kutuliza mtikisiko unachukua nafasi ya tundu pana. Unatuliza mkono wako. Mtoto anayekimbia haumtulizi.

## Hatua ya 5: Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa nauli au kutuma fedha

Kamera nyingi utakazopewa bei ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kuirudisha yenye kasoro ni taabu, kwa hiyo mtumie muuzaji maombi haya kwanza.

Omba video moja isiyokatwa: anawasha kamera, anafungua menyu ya lugha, anapiga picha, anaonyesha namba iliyo chini ya mwili. Menyu ya lugha ni muhimu kuliko mikwaruzo. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hakuna mpangilio wa kawaida wa kuibadilisha. Ndiyo maana huuzwa bei ya chini.

Omba picha moja halisi, faili lenyewe kutoka kwenye kadi, itumwe kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp inabanwa na taarifa zake zinafutika. Kwenye kamera za Nikon na nyingi za Sony, faili hilo hubeba hesabu ya mara ambazo shata, lile pazia linalopitisha mwanga kwenye kihisi, imefunguka, na zipo tovuti za kuisoma. Shata za daraja hili mara nyingi hutarajiwa kufika 100,000 hivi. Iliyofika 15,000 bado changa. Ikiwa 90,000, punguza bei au tafuta nyingine.

Mwisho, kubalianeni kwa maandishi: siku ngapi za kurudisha, na nani analipa usafiri. Akikataa kuandika, usitume hata nusu. Inayosafirishwa kwa basi au treni ifungwe lenzi mbali na mwili, kila kimoja na kifuniko chake, ndani ya boksi gumu.

## Hatua ya 6: Ukaguzi mkononi

Hapa ndipo fedha zinapookoka au kupotea. Fuata mpangilio huu. Kasoro kubwa ziko mwanzoni, ili usipoteze saa nzima kwa kamera mbovu.

6.1 Chumba cha betri. Kifungue, mulika tochi. Ukungu wa kijani au kutu kwenye vyuma vya ndani ni dalili ya maji. Ziwa letu ni la maji baridi, haliachi chumvi, lakini kamera iliyozama ni iliyozama. Iache.

6.2 Mdomo na skrubu. Funga lenzi na uisukume taratibu kushoto na kulia. Mchezo kidogo sana ni kawaida, kugongagonga si kawaida. Skrubu zenye mikwaruzo zinasema kamera imefunguliwa na fundi. Uliza kwa nini.

6.3 Ukungu ndani ya lenzi. Toa lenzi, ishike dhidi ya ukuta mweusi, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi huonekana kama vidoadoa vichache, na halidhuru picha. Ukungu huonekana kama utando wa buibui au matawi membamba yanayoanzia ukingoni. Hukua kwenye unyevu, hula kipako cha kioo, na kuusafisha kunahitaji kuibomoa lenzi. Usiinunue kwa bei yoyote.

6.4 Doa kwenye kihisi. Weka kadi yako. Chagua f/16, ISO 100 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga), toa fokasi, elekeza angani mbali na jua, upige. Kuza picha utazame pande zote. Vidoa vya mviringo vya kijivu ni vumbi, hupulizwa kwa pampu. Mstari mrefu au mkwaruzo haufutiki.

6.5 Nukta zinazowaka. Funika lenzi, ISO 800, shata sekunde 4. Picha inatakiwa iwe nyeusi. Nukta tano au kumi za rangi si tatizo. Mstari mzima unaowaka ni kasoro ya kihisi.

6.6 Lenzi iliyoanguka. Bandika gazeti ukutani, simama sambamba nalo, f/5.6, piga. Linganisha pembe nne. Zote zikififia kwa usawa ni tabia ya lenzi. Pembe moja ikififia na tatu zikisomeka, vioo vimehama. Lenzi hiyo ilianguka, hata kama ganda lake linang'aa.

6.7 Fokasi na shata. Piga picha ishirini, nusu kwa kitu cha karibu na nusu kwa cha mbali, ukianzia kasi ya shata ya 1/30 ya sekunde hadi 1/2000. Picha yenye ukanda mweusi upande mmoja kwenye kasi kubwa inaonyesha shata inachoka. Jaribu hili nje au dirishani. Taa za balbu peke yake huweza kutoa mikanda hata kwa kamera nzima, nawe ukaikataa bure.

6.8 Kitazamio. Tazama kama kuna doa la kahawia au la manjano lisilotoka. Kamera ikiachwa mgongo wake ukielekea juani, kioo kidogo cha kitazamio hukusanya miale na kuunguza kiskrini kilichomo.

6.9 Chaji. Chomeka chaja, subiri taa iwake. Angalia plagi iwe ya pini tatu za mraba, au nunua adapta. Betri iliyovimba usiichaji.

Usielekeze kamera bandarini, stesheni au kwenye majengo ya ulinzi wakati wa kujaribu bila kuomba ruhusa. Kwa watu, salamu kwanza, ndipo ombi.

Umefanikiwa ikiwa 6.1, 6.3, 6.5 na 6.6 zimepita bila shaka. Kasoro za mahali pengine zinapunguza bei. Za hapo zinakatisha biashara.

## Hatua ya 7: Mipangilio ya siku ya kwanza

Weka ISO ijichague yenyewe, mwisho 3200 kwa Micro Four Thirds na 6400 kwa APS-C. Kasi ya chini ya shata 1/125 kwa watu waliotulia, 1/250 au zaidi kwa watoto. Chini ya taa za umeme tumia 1/100 au 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na kasi nyingine huleta mikanda ya giza. Video nayo iwe PAL, mfumo unaoendana na umeme huo, fremu 25 au 50 kwa sekunde.

Kisha jifunze kitufe kimoja kabla ya vingine vyote: fidia ya mwanga, kile chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kamera hujaribu kufanya kila kitu kiwe cha kijivu. Dagaa walioanikwa wanang'aa kama fedha, kamera inadhani mwanga umezidi na kuwatia giza. Weka +0.7. Uso mweusi mbele ya ziwa linalomeremeta unahitaji +1 na mara nyingine zaidi, maana bila hiyo unapata kivuli chenye kofia. Machweo yanataka -1, rangi zisififie.

Kuhusu saa, usifuate ratiba za mpiga picha wa pwani. Kigoma iko magharibi, jua linatuchomozea kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, karibu saa moja asubuhi, na huzama karibu saa moja jioni. Asubuhi mwanga unatoka nyuma yako ukiwa umelikabili ziwa, kwa hiyo wavuvi wanaorudi Kibirizi wanaupokea usoni. Jioni jua linashukia upande wa milima ya Kongo, na kila aliye majini anakuwa kivuli. Unataka sura? Nenda asubuhi.

Umefanikiwa ikiwa katika picha kumi za uso, nane zina macho yanayoonekana wazi bila kufifia na ngozi ina rangi yake.

## Hatua ya 8: Kuitunza kwenye mchanga na unyevu

Kamera hizi, lenzi ikitoka, kihisi kinabaki wazi. Badilisha lenzi kamera ikiwa imezimwa, mdomo ukitazama chini, ndani ya nyumba au ndani ya mfuko. Kamwe si ndani ya mtumbwi, na si ufukweni upepo wa kusini unapovuma wakati wa kiangazi. Vumbi likiingia, puliza kwa pampu. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi, na usiguse kihisi wala pazia la shata kwa kidole.

Masika, usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Ngozi hushika unyevu na kulea ukungu. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na gramu 200 hivi za silika ndani ya kimfuko cha kitambaa. Mchele usitumie, una unga unaoingia kwenye vitufe.

Chagua silika ya rangi ya chungwa, inayogeuka kijani ikishiba maji. Ya bluu ina kemikali ya kobalti yenye sumu. Ikishiba, ikaushe kwenye kikaangio kisichotumika kwa chakula, moto mdogo, hadi rangi irudi, na uiache ipoe kabla ya kuirudisha. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya ndoo kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikigeuka rangi ndani ya siku tatu au nne, mfuniko haubani: badilisha ndoo.